Nilivyoifufua Peugeot 404 hapa Dodoma bila kuiwekea injini ya Toyota

Gari lenyewe lilikuwa la babu mdogo, limekaa bandani kule Kongwa miaka na miaka, kuku wanatagia siti ya nyuma. Kila fundi niliyemuonyesha hapa mjini jibu ni lile lile, toa hiyo injini weka ya Toyota upumzike. Mi nikagoma. 404 imechukua Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mara nne jamani, 1963, 1966, 1967 na 1968, na hizo mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa anaishi hapa hapa nchini, Dar, na mwenzake Chris Rothwell. Halafu ile ya 1968 mvua na tope vilikuwa balaa, magari 7 tu ndo yalifika mwisho na lililoongoza ni 404. Sasa gari kama hilo unaling'oa moyo kwa sababu gani?

Bodi haikunisumbua, ukavu wa Dodoma umelitunza, puti kidogo ya kuziba mabonde kwenye milango basi. Ila ukavu huo huo umemaliza kila kitu cha mpira, hozipaipu zote, sili, raba za breki. Hizo raba usiulize dukani kwa jina la gari, watakucheka, pima kipenyo cha silinda ya breki uombe kwa saizi, mi nilipata zote kwenye maduka ya spea za kawaida tu.

Injini ni cc 1618, imelazwa kwa upande nyuzi 45, na uzuri wake slivu, yaani mirija ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinachomoka, kwa hiyo huchongi bloku, unaagiza slivu na pistoni zake unapachika. Zangu zimetoka Ufaransa, hela ilinitoka kwa kweli.

Difu sasa, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ndo usicheze nayo. Haina pinioni kama za magari mengine, ina skrubu ndefu ya chuma inazungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi, na oili nyingi za difu za siku hizi zina dawa ya salfa inayoila shaba taratibu. Fundi alishainua dumu anataka kumimina nikamwambia fundi wangu hebu weka chini kwanza, tukatafuta ambayo ni salama kwa shaba, ikachelewesha kazi akanuna.

Linatembea, Kongwa linaenda na kurudi, gia za kwenye usukani nishazizoea. Imebaki raba ya kioo cha mbele, mvua ya Januari inaingia mpaka miguuni.