Msipige plasta kabla sijafika

Naomba hili niwaambie wenye maghala na viwanda vya zamani huku pwani: mkishaniita kukagua, acheni nguzo zenu kama zilivyo. Juzi nimekwenda kwenye ghala moja la enzi za mkonge, Tanga, karibu kabisa na bahari. Nafika, nguzo zote zimepigwa plasta na rangi juu. Msimamizi anacheka: "Injinia, tumekurahisishia kazi." Umerahisisha nini, kaka, na nyufa ndizo nilizozifuata?

Ufa unaokwenda wima sambamba na nondo, wenye madoa ya kahawia, unaeleza mengi. Nondo ikishika kutu inavimba, maana kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege linapasuka kutokea ndani. Plasta haizuii hilo hata kidogo.

Nikatoa nyundo ya kawaida tu, nikaanza kugonga. Zege zima linalia kavu, ti ti ti. Nguzo ya kona, upande unaopigwa na upepo wa bahari, ikalia bu, kuanzia magotini hadi kifuani. Fundi mzee aliyeshika ngazi akaniwahi: "Hapo pameachia."

Tukachonga, tukapuliza vumbi, nikanyunyiza fenoftalini, dawa ya kupimia ualkali. Zege ambalo bado lina ualkali, ule unaoikinga nondo na kutu, hugeuka pinki. Lililokwisha kuliwa na hewa ya ukaa halibadiliki. Pinki ilianza milimita 30 ndani. Nondo iko milimita 25. Kinga yake imekwisha, na hapo bado chumvi, ambayo dawa hii haiioni. Tukatoboa kwa kina tofauti, unga wa kila kina kwenye mfuko wake, ukaenda maabara kupimwa kloraidi, yaani hiyo chumvi.

Wenzangu wengine wangemaliza na nyundo ya Schmidt, ile inayokadiria nguvu ya zege kwa jinsi inavyoruka ikigonga uso wake, kwa kuwa inatoa namba na wateja wanapenda namba. Kwenye zege kuukuu namba hiyo inasifia mno: hewa ya ukaa inaufanya uso wa zege kuwa mgumu, nyundo inaruka juu, wewe unaandika nguvu ambayo ndani haipo. Mimi nataka vipande vya mviringo vikatwe kwa mashine, vikavunjwe maabara.

"Kwa hiyo tuongeze saruji kwenye plasta?" akauliza msimamizi. Hapana. Tegemezeni bimu zinazokalia nguzo ile, mzigo uliopangwa karibu nayo uhamishwe wiki hii, na plasta yote mpya ing'olewe ili nizigonge nguzo zilizobaki. Hiyo ya kung'oa, kwa bahati mbaya, nayo ina bili yake.