Siku Moja na Koni za Hina Forodhani

Saa 11 na nusu alfajiri. Nimeshaswali, nafunua bakuli la hina niliyoikanda jana kwa maji ya ndimu, sukari na mafuta ya mkaratusi. Juu imefanya kahawia, ndani bado kijani: imeiva. Naichuja, najaza koni kumi na tano. Ni siku za Sauti za Busara, tamasha la muziki linalojaza Ngome Kongwe hapa Zanzibar karibu kila Februari tangu 2004, na wageni watakuwa wengi.

Saa 2. Daladala ya Darajani imeshona. Mzee mmoja kapakata tarumbeta aliyoifunga kwa kanga, anaikinga na viwiko vya watu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hebu nikamatie nitoe nauli."

Nzito kuliko nilivyodhani, na kanga inanukia dawa ya kusugulia shaba. Anapiga beni, muziki wa matarumbeta na ngoma. Majina hatukuulizana.

Saa 4, Forodhani, bustani iliyo mbele ya Ngome Kongwe. Msichana kutoka Dar anataka piko, eti nyeusi hutoka vizuri kwenye picha. Nikakataa. Piko ni rangi ya nywele, ina kemikali ya PPD, na wapo inaowaunguza wakatoka malengelenge. Nikamwonesha kovu la ua nililopakwa kwenye harusi ya dada yangu. Mwaka wa tisa huu, na kila jani la ua lile bado linahesabika. Akalipapasa kwa kidole, kimya, kisha akanyoosha mkono. "Basi nipake hiyo yako, dada."

Saa 7. Akaja mama wa makamo. "Nnataka ya kizamani." Kiunguja chake ni cha zamani kuliko changu, na kisiwani kafika juzi tu, mara ya kwanza. Kazaliwa Muscat. Bibi yake alikulia hapa mjini, mtaa wa Mkunazini, na nyumbani hakusema nao lugha nyengine. Akayatazama mabati yaliyoizunguka Beit al Ajaib, jumba la 1883 lililoporomoka upande mmoja Desemba 2020. Bibi alikuwa akiwasimulia nguzo zake, akasema, na macho yakamjaa.

Hina ya kizamani haina maua. Ni ncha za vidole kujazwa, na mwezi mmoja katikati ya kiganja. Nikaweka koni chini, nikapaka kwa kidole changu, kama nilivyofundishwa utotoni. Mkono ulikuwa ukimtetemeka. Nikaukamata kwa chini mpaka ukatulia, na muda wote ule hatukusema kitu. Mwezi ulipotimia akasema, "Hivi hivi." Akarudia, "Hivi hivi, mwanangu."

Saa 10. Maandamano ya tamasha yanapita. Nikaiona tarumbeta kwanza, inawaka kwa jua, kisha mashavu ya mzee wangu yamefura, jasho linamtiririka. Hakuniona. Nikampigia kigelegele hata hivyo.

Saa 2 usiku. Koni imebaki moja. Ninayempaka huondoka na rangi ya chungwa, maana hina hukolea siku ya pili au ya tatu, ndipo ikawa damu ya mzee. Wageni wangu huwa wameshakwenda. Yule mama nimemwambia asitie maji mpaka asubuhi, apake mafuta ya nazi. Kesho saa 1 anapanda boti ya Dar, usiku ndege. Mwezi wake utakolea Muscat.