Nilivyokipanga kiwanja chetu kwa daftari la kuhesabia watu

Kiwanja chetu hapa Tanga kina ekari moja tu. Kwa miaka mingi kilikuwa vumbi, makopo, mti mmoja mkubwa wa mkungu, na njia ya miguu iliyokikata mshazari. Kamati ya mtaa iliponiomba nikipange kiwe mahali pa kupumzikia, kwa kuwa nimesomea mipango miji, nilichora usiku uleule: maua katikati, viti pembeni, mpira upande wa pili. Mchoro ulipendeza. Tungeujenga vile, mwaka usingeisha kabla watu hawajakihama.

Cha kwanza, nilikwenda kutafuta mchoro wa mipango miji uliopitishwa. Hatua hii usiiruke. Ilinila wiki tatu za njoo kesho, lakini siku nilipoliona neno "eneo la wazi" juu ya kiwanja chetu, yaani kimetengwa kwa matumizi ya umma, nilipumua. Kisha tukatafuta vigingi vya mipaka. Kimoja tulikikuta ndani ya banda la jirani. Wazee walikwenda kuzungumza naye baada ya sala ya alasiri, na kabla ya wiki kwisha alilivunja mwenyewe.

Ndipo nikanunua daftari. Siku saba mfululizo, asubuhi, mchana, jioni na baada ya isha, nilikaa pale nikiandika nani anapita, nani anakaa, na anakaa wapi. Saa saba mchana watu wote walikuwa wamebanana chini ya ule mkungu. Kivuli kikisogea, nao wanasogea. Saa kumi na moja jioni wavulana walifika arobaini. Wasichana niliowaandika kwa siku zote saba ni tisa, na wote walikuwa wanapita na ndoo. Nilimsimamisha mmoja, akaniamkia, nikamuuliza mbona hawachezi pale.

"Tucheze wapi, kaka? Wale wakianza mpira ni mpaka magharibi. Na choo hakuna."

Jibu lile lilibadilisha mpango wote. Vijana walitaka uwanja kamili wa mpira. Nikawaonyesha hesabu: uwanja wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140, na ekari nzima haifiki 4,050. Haiingii hata ukiibana. Uwanja mdogo wa mita 40 kwa 20 unachukua 800, na wa netiboli, mita 30.5 kwa 15.25, hauzidi 470. Vyote viwili vikaingia na nafasi ikabaki. Tulivilaza kaskazini kwa kusini, ili jua la jioni lisimpige kipa machoni. Netiboli niliiweka upande wenye nyumba na mama lishe, panapoonekana na kila mtu, na choo hatua chache kutoka hapo.

Kwenye viti nilisahihishwa na mzee mmoja wa mtaani. Nilikuwa nimetawanya viti kumi, kila kimoja kona yake. Aliutazama mchoro, akaniambia, "Mwanangu, hapa watu watakaa kama wanaosubiri daktari. Mbona nyumba zetu zina baraza?" Alisema kweli. Tulijenga vibaraza vya zege vinavyotazamana, upana wa kutosha kuweka bao au birika la kahawa katikati. Njia ya mshazari tuliiacha ilipo, tukaitandika matofali. Watu walishaichagua kwa nyayo zao. Ukiiziba wataikata upya juu ya majani yako.

Ua wa kuzungushia kiwanja nusura utuponze. Fundi alishauri minyaa, kwa kuwa haihitaji maji na ng'ombe hawaili. Ni kweli, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kubwa, na sisi tulikuwa tunapanda mahali pa watoto. Tulikataa, tukaweka nguzo fupi za zege za kuzuia magari na bodaboda. Kwa vivuli tulipanda mikungu na miarobaini upande wa magharibi wa vibaraza, maana jua la alasiri ndilo linalofukuza watu. Miche kumi na minne. Kila mmoja tuliukabidhi nyumba moja iumwagilie. Kumi na mmoja imeshika.

Suala la utunzaji ndilo lililotukalisha vikao vingi. Wapo waliotaka wachuuzi waondoke ili pawe pasafi. Nilipinga kwa nguvu zangu zote. Nilitoa mfano wa bustani ya Forodhani, Unguja: ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, wauza vyakula vya jioni walirudi, na ndio wanaopafanya pachangamke usiku. Sisi tulitenga nafasi sita za biashara ndogo. Ushuru wao unamlipa mama anayesafisha choo na kutunza ufunguo. Choo kisicho na mwenyewe kinafungwa mwezi wa pili, na kikifungwa, akina mama na mabinti ndio wa kwanza kuondoka.

Mwezi uliopita nilirudi na daftari lilelile, siku saba, saa zilezile. Wasichana waliokaa au kucheza: sitini na wawili. Wazee wa bao wana kibaraza chao, na hakuna anayekikalia wakiwa hawapo. Ila kurasa za baada ya isha, upande wa choo, bado ni nyeupe. Pale hakufiki mwanga. Fedha ya nguzo moja ya taa tumeshaipata, na itasimama hapo.