Hatua saba za Injili jumuiyani, na pale zinapokwama

Kwa Wakatoliki wengi wa kwetu, mafundisho ya dini huishia siku ya kipaimara. Kuanzia hapo mtu anaolewa au anaoa, analea, anauguza wazazi, anadaiwa, na katika yote hayo anabaki na mahubiri ya Jumapili pamoja na ile saa moja ya jumuiya, pale waamini majirani wanapokutana kila Jumamosi kusali na kusoma Neno. Saa hiyo ndiyo darasa lake la utu uzima. Inauma kuiona ikiliwa na michango.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi mwaka 1976 waliufanya ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Walitaka Kanisa liishi pale watu wanapochota maji na kuzikana. Njia ya hatua saba za kushirikishana Injili ilitoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, nayo ina faida moja kubwa: haihitaji padre wala msomi. Inahitaji mwongozaji anayejua kunyamaza.

Tuchukue mfano, Injili ya Dominika ya 30 ya Mwaka B (mwaka wa pili katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa), Marko sura ya 10, aya ya 46 hadi 52: Bartimayo, kipofu wa Yeriko.

Hatua ya kwanza ni kumkaribisha Bwana. Mmoja anasali kwa maneno yake mwenyewe, dakika mbili au tatu zinatosha. Biblia ikae juu ya kitambaa safi, mshumaa uwashwe pembeni. Rozari nzima isiingizwe hapa, maana itakula nusu ya muda. Ya pili ni kusoma. Mwongozaji ataje kitabu na sura, asubiri mpaka wa mwisho afike, ndipo ataje aya. Msomaji aliyejulishwa tangu juzi husoma vizuri kuliko anayesukumiwa Biblia papo hapo.

Hatua ya tatu ndiyo hazina, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kila anayependa anataja neno au fungu fupi lililomgusa, kwa sauti ya sala, mara tatu, akipumzika kidogo kila mara. “Jipe moyo, inuka, anakuita.” Kimya. “Jipe moyo, inuka, anakuita.” Kimya. Kisha tena. Mwingine anachukua “akatupa vazi lake”. Hakuna kueleza kwa nini umelichagua. Tengeni dakika 10, halafu andiko zima lisomwe upya. Bibi asiyejua kusoma anashiriki hapa sawasawa na mwalimu wa sekondari, kwa kuwa anachohitaji ni sikio. Tafsiri za Biblia zikitofautiana, msisahihishane. Kila mmoja ataje kama ilivyoandikwa kwake. Hatua hii huharibika mara mtu wa kwanza anapoanza na “Mimi nimependa aya hii kwa sababu…”. Mwongozaji amrudishe kwa upole: “Tutaje neno tu, sababu tutazisikia baadaye.” Asipofanya hivyo, wote watakaofuata watamwiga yule wa kwanza.

Ya nne ni ukimya. Semeni muda wake kabla: “Tunakaa kimya dakika tano.” Watu wasipojua kimya kitaisha lini, dakika ya pili atatokea mwenye huruma wa kuanzisha wimbo. Simu ziwe zimezimwa, hata zile zenye Biblia ndani.

Hatua ya tano, kushirikishana, ina kanuni moja: sema “mimi”, usiseme “sisi Wakristo inatupasa”. Anayesema, “Nimekaa kando ya njia tangu nilipofukuzwa kazi, na leo nimesikia naitwa,” ameshirikisha. Anayesema, “Tujifunze kutoka kwa Bartimayo kwamba imani ni muhimu,” amehubiri. Mahubiri huwafunga mdomo waoga, na baada ya mawili wanaobaki wakizungumza ni wale wale wa kila wiki. Hakuna kumjibu mtu, kumpa ushauri wala kumsahihisha. Likitokea swali la mafundisho, mathalani kama aliyefunga ndoa ya serikali anaweza kuwa msimamizi wa ubatizo, liandikwe na lipelekwe kwa katekista au paroko, jibu lirudi wiki inayofuata. Kulibishania hapo hapo ni kupoteza muda, na mara nyingi jibu linalobebwa nyumbani huwa la mwenye sauti kubwa. Mkiwa zaidi ya 20, gawanyikeni makundi mawili kwa hatua hii. Dakika 15 hazitoshi vinywa vyote.

Hatua ya sita ni kutenda, na huanza kwa daftari: tuliahidi nini wiki iliyopita, kimefanyika? Ndipo mnatafuta kazi mpya. “Tuzidishe sala” siyo kazi, kwa sababu hakuna atakayeweza kusema wiki ijayo kama ilifanyika au la. Kazi ina majibu manne: nani, nini, wapi, lini. Injili ya Bartimayo yenyewe inaonyesha pa kuanzia, maana wengi walimkemea anyamaze. Jumuiyani kwetu nani tumemnyamazisha? Mara nyingi ni mtu aliyeacha kuja kwa sababu jina lake linasomwa kila wiki kwenye orodha ya wasiomaliza michango. Basi wawili watajwe, waende kwake Jumatano jioni, wakae, wasikilize, na daftari la michango libaki nyumbani. Hiyo ni kazi, na Jumamosi italetewa taarifa. Hatua hii nayo ipewe dakika 15 kamili. Ikifupishwa, Injili inabaki maneno mazuri ya asubuhi.

Ya saba ni sala za papo kwa papo, na kufunga kwa sala au wimbo ambao wote wanaujua kwa moyo.

Mshumaa ukishazimwa ndipo yaje matangazo: zaka, mavuno, rambirambi, ujenzi. Ni mambo ya haki kabisa, Kanisa haliendeshwi kwa upepo. Lakini yakitangulia, watu wanaingia kwenye Neno wakiwa wamekunja nyuso; yakichomekwa katika hatua ya sita, kila Injili itahitimishwa kwa kutoa fedha, na waamini watajifunza hilo haraka kuliko katekisimu.

Uongozaji uzunguke nyumba kwa nyumba. Mgeni wa zamu aanze na hatua mbili za mwanzo huku mzoefu akishika zilizobaki, wiki ya pili aongezewe ya tatu na ya nne, na kufikia wiki ya nne aongoze zote. Njia hii haifundishi kila kitu: hakuna andiko moja litakaloeleza sakramenti saba kwa mpangilio. Kwa hiyo Jumamosi moja kwa mwezi iachieni katekesi, mada moja tu, katekista akialikwa mapema na yale maswali yaliyokusanywa kwenye daftari akiwa amepewa siku saba kabla.