Miche Thelathini ya Mwarobaini

Hamali wa mkokoteni alitaka shilingi mia tatu, nikampa bila kupatana, jambo ambalo marehemu bibi yangu angenisema nalo mpaka jioni. Lakini asubuhi ile nilikuwa na haraka, tena nilikuwa na fahari. Juu ya mkokoteni kulikuwa na miche thelathini ya mwarobaini, kila mmoja ndani ya pakiti ya maziwa iliyokatwa juu na kutobolewa chini, imesimama wima kama wanafunzi gwarideni. Nilitembea kando yake njia nzima, nikiikinga kwa mkono kila gurudumu lilipoingia shimoni.

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili 2014. Mvua za masika zilikuwa zimeshanyesha vya kutosha kulainisha udongo, na kikundi chetu kilikuwa na siku yake kubwa ya mwaka.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha watu ishirini na kitu, wengi wao akina mama, na kazi yake ilikuwa mimea ya asili ya pwani hii. Tulikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kando ya msitu wa kaya moja ya Wadigo, huku Kwale. Mwezi huu tunang'oa lantana, mwezi ujao tunaokota mbegu chini ya miti mikubwa iliyosalia mashambani, mwezi wa baadaye tunajaza udongo kwenye pakiti huku tukisengenya. Kusengenya kulichukua muda kuliko udongo. Mvua kubwa zikianza, ndipo inafika siku ya kubadilishana miche: kila mwanachama alete angalau kumi aliyoiotesha mwenyewe, aibandike majina, kisha aondoke na ya wenzake. Watoto wa shule ya msingi ya jirani hualikwa pia, na kila mtoto hurudi kwao na mche mmoja.

Mimi nilikuwa na miezi mitatu tu kikundini. Nilikuwa nimeng'oa lantana mara mbili, ile miba yake midogo ikanichana mpaka kwenye viwiko, na nilikuwa nimeshajua kwamba ua lile zuri lililetwa kutoka Marekani ya kitropiki kupamba bustani za watu. Nikajiona nimehitimu.

Kumi ni miche michache, niliwaza, nitapeleka thelathini. Wala sikuhangaika kutafuta mbegu. Uani kwetu kuna mwarobaini ambao bibi yangu aliukuta mdogo alipoolewa, na chini yake kila mwaka huota miche mingi kama nywele. Bibi alikuwa na ndoa ya pili na mti ule. Tukipata homa, majani yanachemshwa na tunafunikwa blanketi. Tukipata tetekuwanga, tunaoshwa kwa maji yake. Magunia ya mahindi yaliwekewa majani makavu yasiingie fukusi, na mswaki wa kwanza niliowahi kuutafuna ulikatwa pale. Kama kuna mti uliokuwa wa kwetu kuliko yote, basi ni ule. Usiku wa Ijumaa nilikata karatasi thelathini nikaandika kwa herufi kubwa: MWAROBAINI, MTI WETU WA ASILI.

Nilipofika, meza mbili zilikuwa zimeshajaa. Kulikuwa na mikwaju, mibuyu yenye majani mapana ya utotoni ambayo huwezi kuamini ni mbuyu, na misandarusi minne iliyoletwa na bibi mmoja tuliyemwita Nyanya wa Kitalu, kwa sababu hapakuwa na mbegu iliyomshinda. Aliilinda misandarusi yake kama mayai. Zamani gundi ya mti huo, sandarusi, ilichimbwa ardhini pwani hii ikasafirishwa kupitia Unguja kwenda kutengenezwa vanishi Ulaya na Marekani. Siku hizi unaweza kutembea siku nzima usiuone mti wenyewe.

Nilipanga miche yangu ikachukua meza nzima. Nilikuwa narudi nyuma hatua mbili niitazame vizuri, ndipo mtoto mmoja wa kike wa darasa la nne hivi alipokisoma kibandiko kwa sauti kubwa, kama watoto wasomavyo: "Mwa-ro-ba-i-ni. Mti we-tu wa a-si-li."

Kimya kikaanguka. Akina mama wakatazamana. Mmoja akavuta leso akaziba mdomo.

Mwalimu, katibu wetu, mzee aliyestaafu ualimu lakini ualimu haukumstaafu yeye, alivaa miwani akakisoma tena kibandiko peke yake. Kisha akaniuliza kwa upole ambao ulinikera kuliko ukali, "Umeotesha mwenyewe, kijana?"

"Imejiotea, Mwalimu."

"Naam. Hiyo ndiyo shida yake."

Akaniambia kwamba mwarobaini ni mti wa Bara Hindi na Burma. Kwamba ulivuka bahari kama wageni wengine wengi wa pwani hii, ukapata jua ukapenda. Nilihisi masikio yanawaka moto. Nikamjibu kama mtu aliyetukaniwa bibi yake, maana ndivyo nilivyosikia. Nikamwambia jina lenyewe ni la Kiswahili, limetoka kwenye maradhi arobaini yanayotibiwa na mti huo. Mzungu au Mhindi angeutungia jina hilo?

"Jina la Kiswahili si cheti cha kuzaliwa," alisema Mwalimu.

Hapo nikaona njia. Nilikuwa nimewahi kusoma mahali kwamba Waarabu waliuita ukwaju tamr hindi, tende ya Uhindi, na kwamba jina hilo ndilo lililoenea Ulaya. Nikanyoosha kidole kwenye mikwaju yao. "Basi na hii itoeni mezani! Hii ndiyo Mhindi hasa, jina linajisema lenyewe."

Niliona Mwalimu anafurahi. Mtu aliyefundisha miaka mingi huifurahia hoja mbaya kama mvuvi anavyoifurahia kamba ikivutika. Aliwaita watoto wasogee, akachukua kibandiko cha mkwaju na cha kwangu akavigeuza nyuma, akaandika majina ya kitaalamu kwa kalamu nyekundu: Tamarindus indica. Azadirachta indica. Akawauliza watoto neno lipi limejirudia. Wakapiga kelele: indica! Lina maana gani? La Uhindi! Haya, alisema, mmoja kati ya hawa wawili amesingiziwa. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuandika mkwaju kuwa wa Uhindi mwaka 1753, kwa sababu huko ndiko Ulaya walikoujulia. Kumbe asili yake ni Afrika, hii hii ya kwetu. Ulienda Uhindi zamani mno, ukapokelewa vizuri hata wenyeji wake wakasahaulika. Huyu wa pili jina lake la kitaalamu ni la kweli, na la Kiswahili ndilo linalotuchanganya.

Watoto walicheka sana. Walinicheka mimi, si Linnaeus.

Nilijaribu mara ya mwisho. Nilisema mvinje nao si wetu, na bado miaka ya sabini ndio ulioyafufua machimbo ya mawe ya Bamburi, pale ambapo René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971 kwenye ardhi iliyokuwa mwamba mtupu. Mwalimu akakubali bila kusita. Palikuwa hapana kitu, alisema, ndiyo maana. Ukiwa na mwamba mtupu, leta hata mgeni. Sisi hatuna mwamba mtupu. Mpaka leo sijui kama nilishindwa hoja hiyo au niliachwa tu nipumzike.

Nyanya wa Kitalu ndiye aliyenishika mkono. "Njoo mwanangu," alisema, "maneno ni mengi, mguu ni mmoja."

Alinipeleka ukingoni mwa kaya. Lazima nieleze kwa asiyejua: kaya ni msitu, lakini zamani ulikuwa mji ndani ya msitu, na wazee wa kaya ndio wenye kauli. Hukati, huokoti kuni, hutoki hata na jani. Katazo hilo ndilo lililoifanya misitu hii midogo kubaki na miti iliyokwisha kwingineko. Mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi ya kaya za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia, lakini wazee hawakusubiri tangazo la mtu.

Mzee mmoja wa kaya alikuwa ameketi pale juu ya gogo, fimbo magotini. Tukaamkua, Nyanya akamweleza shida yangu kwa maneno machache, naye akatikisa kichwa kunielekea kana kwamba nimefiwa.

Chini ya mvule mmoja mkubwa, mbele yetu kidogo, kulikuwa na zulia la kijani. Niliinama. Majani marefu yenye meno kama msumeno, yamepangwa pande mbili za kikonyo. Sikuhitaji kuambiwa. Niliwahi kulala chini ya blanketi na majani yale yakifuka puani.

"Ndege na popo," Nyanya alisema. "Wanakula tunda la njano huko vijijini, wanakuja kutua hapa, kokwa inadondoka. Mtoto wa mvule hapa chini humwoni. Hawa wamemfunika."

Kijiji cha karibu kilikuwa chetu. Sikusema.

Tuling'oa pamoja, yeye kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika kiuno. Katika udongo ule wa masika ilitoka kirahisi, mizizi mizima. Nikaanza kuikusanya nikaitupe nje, mzee akapiga fimbo chini. Hakuna kinachotoka. Hata hii, mzee, si mgeni? Hata hii. Imeota ndani, itafia ndani. Ndipo Nyanya akanionyesha wanavyofanya: mche unaning'inizwa kwenye tawi, mizizi juu, ukauke na jua usije ukashika ardhi tena. Tuliacha mamia yakining'inia vile. Kwa mbali palionekana kama nguo zimeanikwa.

Tuliporudi, kulikuwa na ugomvi. Hamali alikuwa hajaondoka. Alikuwa amekaa kivulini akila mihogo ya kikundi, na aliposikia miche yangu haitakiwi akasema ataichukua yeye. Mwalimu akasema haiwezekani. Hamali akasema kituoni kwao Ukunda wanakaa juani tangu asubuhi, mwarobaini unakua upesi na mbuzi hauli hovyo, "nyinyi mna kaya, mimi nina jua." Mwalimu akasema ndege haulizi nauli, kutoka Ukunda hadi hapa ni kitu gani kwa popo. Mwenyekiti, mama mtulivu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aliuliza kama kuna mtu ana mche wa kivuli wa asili mkubwa wa kumpa huyu kijana leo. Hakuna aliyekuwa nao. Mibuyu ilikuwa ya kidole. Basi wakampa miche sita, kwa sharti kwamba mwaka ujao aje achukue mikwaju. Mwalimu aliomba pingamizi lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na kwa kuwa yeye ndiye katibu, akaliandika mwenyewe, kwa kirefu.

Ishirini na minne iliyobaki niling'oa kwa mkono wangu. Pakiti na udongo Nyanya alizichukua, zikamfaa kwa mbegu nyingine. Vibandiko nilivitia mfukoni.

Wakati wa kubadilishana ulipofika, sikuwa na cha kubadilisha. Nilikaa kando nikijifanya napanga viti. Nyanya akanijia na kisanduku cha kibiriti. Ndani kulikuwa na mbegu tatu za mbambakofi, nyeusi zinang'aa, kila moja na kofia nyekundu kichwani, zile ambazo watu huzitunga kuwa shanga. Mbao za mti huo ndizo zilizochongwa milango ya zamani ya miji yetu, ile inayopigwa picha na kila mgeni.

"Hii haijioti kama yako," alisema. "Ngozi yake ngumu. Isugue kwa tupa upande usio na kofia mpaka uone weupe, basi, usizidi. Iloweke usiku mmoja. Ikivimba, ipande."

"Na isipovimba, Nyanya?"

"Isugue tena. Unakimbilia wapi?"

Moja niliisugua kupita kiasi ikaoza. Moja iliota, mbuzi wa jirani akaimaliza. Ya tatu ilikaa kimya wiki mbili, nikawa nimeshaikatia tamaa, kisha ikanyanyua udongo. Mti huo sasa umenipita kimo kidogo tu, baada ya miaka yote hii. Mwarobaini kwa muda huo ungekuwa umeshatoa wajukuu.

Hamali alirudi mwaka uliofuata kuchukua mikwaju, nasikia. Mimi siku hiyo nilikuwa na homa.

Mwarobaini wa bibi sikuukata. Mwalimu aliniuliza mara mbili, halafu akaacha kuuliza. Lakini matunda yakianza kugeuka njano natandika magunia chini yake, natikisa matawi kwa mti mrefu, nafagia asubuhi na jioni, kisha nazianika kokwa juu ya bati mpaka zikauke kabisa. Mwaka jana nilijaza magunia mawili na nusu. Yale ya juu kabisa siyafikii, na usiku nawasikia popo wakiyala.