Siku moja ya mwanafunzi wa uuguzi wodini

Saa 11 alfajiri naamka nikachote maji, maana bomba la hosteli hukauka kukishapambazuka. Saa 12 niko kwenye daladala, nimesimama. Saa 1:30 tunapokea ripoti ya zamu ya usiku.

Wengi hudhani mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huja kutazama tu. Mpaka saa 4 nimeshaogesha wagonjwa, nimetandika vitanda, nimepima joto, presha, mapigo na upumuaji, na nimegawa dawa nesi msimamizi akiwa ubavuni.

Saa 6 ndugu wakaruhusiwa kuingia. Kitanda cha dirishani kuna mzee mwenye kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu, na anameza kwa shida. Mwanawe kaingia, begi la safari bado begani, na chupa ya uji mwepesi. Akamwinua shingo kidogo, kijiko kikaelekea mdomoni.

"Shikamoo kaka. Naomba usimnyweshe kwanza."

"Wewe si mwanafunzi? Niitie nesi mwenyewe!"

Nesi alikuwa kwa mgonjwa aliyebanwa na pumzi. Nikamweleza hivyo yule kaka. Sauti yake ikapanda: amesafiri usiku kucha, uji kaupika mama, sisi tunamshindisha baba yake njaa, atanishtaki chuoni. Wodi nzima ikageuka kututazama. Machozi yalinilenga, nikashika chuma cha kitanda mpaka yakarudi.

Kisha nikavuta stuli, nikamweleza taratibu. Chakula kikipotea njia kinaingia mapafuni, na mgonjwa wa kiharusi huenda hata asikohoe. Unadhani ameshiba, kumbe nimonia inaanza. Uji mwepesi ndio hatari zaidi, unateremka kabla koo halijajiandaa.

Tukamketisha wima pamoja, mito mgongoni, kidevu kikainama kidogo. Nikaleta uji mzito wa wodini. Kijiko kidogo, upande wenye nguvu, subiri ameze, angalia kama kuna kilichobaki shavuni, ndipo kingine. Bakuli moja likamaliza muda wote wa kuona wagonjwa. Mlinzi alipokuja kumtoa nikamwombea abaki, kwa kuwa mzee alitakiwa aendelee kukaa wima nusu saa baada ya kula, na mimi nilikuwa naitwa kwingine. Hakuniomba radhi, wala sikuingojea. Mtu amefika kutoka mbali akamkuta baba yake hawezi hata kumwita jina. Hasira yake naielewa. Lakini kumvumilia mtu namna ile kunachosha kuliko kunyanyua wagonjwa, na hakuna mahali pa kukusainia kwenye kitabu cha mazoezi, kile ambacho msimamizi husaini kazi ulizofanya wodini.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Kugeuza wasioweza kujigeuza, ili wasipate vidonda vya mgandamizo. Kubadilisha mashuka. Kugeuza tena. Miguu inawaka moto. Mama mhudumu, anayedeki wodi ile tangu alfajiri, alikuwa amenifunikia sahani ya wali maharage. "Mwanangu, kula kwanza." Ninamshukuru kwa moyo wote. Mshahara wake si mkubwa, na hakuna aliyemtuma.

Nilipokuwa nakusanya vitu niondoke, yule kaka akaniita. Kijiko mkononi, baba ameketi wima.

"Sista, hebu nitazame kama napatia."

Alikuwa anapatia. Nikamwonyesha tu namna ya kuangalia shavuni, nikakimbilia daladala, kwani jioni tulikuwa na mtihani wa dawa.