Nilivyoimaliza Super Mario Bros. kwa kushikilia A

Super Mario Bros. nimeicheza tangu utotoni, lakini nimejua ukubwani kwamba ukifa kabisa si lazima urudi 1-1, yaani dunia ya kwanza, hatua ya kwanza. Gemu hii ya mwaka 1985 ina dunia 8, kila dunia hatua nne, haihifadhi chochote, na inakupa roho tatu tu. Ikiandika GAME OVER nilikuwa nazima mashine, nikiamini jasho lote limeenda bure.

Kumbe usizime. Subiri skrini ya mwanzo irudi, shikilia kitufe A, na kabla hujakiachia bonyeza Start. Unaanza hatua ya kwanza ya dunia uliyofia. Umefia 8-3? Unapewa 8-1 na roho tatu mpya, na unaweza kurudia hivyo mpaka uchoke. Kwenye skrini hakuna neno wala alama ya kukudokezea.

Ndiyo maana wanaosema "ongeza mazoezi tu" wananiudhi. Mazoezi nilikuwa nayo. Dunia nne za mwanzo nazipita huku napiga soga. Kilichonikwamisha ni dunia ya 8, ambayo hatua zake hazina kituo cha katikati: ukifa karibu kabisa na mlingoti wa kumalizia, unaianza hatua upya yote. Utapazoea lini mahali unapopaona dakika mbili kisha unatupwa mwanzo wa gemu?

Ushauri mwingine ulikuwa kuvuna roho 3-1, na huu watu wanausambaza nusunusu. Karibu na mlingoti kuna ngazi, na kobe wawili wanazishuka. Mwache wa kwanza apite, mngoje wa pili, umkanyage akiwa bado kwenye kidato. Ukimpatia sawasawa, gamba linagonga kidato cha juu na kurudi chini ya miguu yako, unalikanyaga tena, linarudi tena. Pointi zinapanda 100, 200, 400 hadi 8000, kisha kila mkanyago unakuwa roho. Kupatia ile sehemu ya kusimama kulinichukua jioni nyingi, kwa sababu ukisogea kidogo tu gamba linakuponyoka au linakuua. Siku iliponyooka, Mario alidunda palepale kama mpira, mlio wa roho ukifuatana bila kupumua, nami sikugusa kitufe mpaka muda wa hatua ukaisha na akafa. Sikujali, maana nilikuwa na roho za kumwaga.

GAME OVER. Palepale, kwa kifo kimoja!

Roho zikizidi 127, hesabu ndani ya gemu inageuka kuwa hasi, na ukifa mara moja inakuhesabu kama uliyeishiwa. Wanaokuelekeza ngazi za 3-1 wanalisahau hilo. Mimi sasa nikiona taji limetokea kando ya namba ya roho, ambalo maana yake umefikisha kumi, naongeza chache naondoka.

Kwa hiyo mbinu ya A ndiyo iliyonifikisha. Nilipita bomba la siri la 1-2 hadi dunia ya 4, kisha lile la 4-2 hadi ya 8, na kuanzia hapo kila nikifa nikawa nashikilia A. Kwenye 8-1 usiachie B, kitufe cha mbio, hata kidogo: hatua ni ndefu, muda ni 300, na yapo mashimo ambayo bila mbio huyavuki. Ile 8-3 yenye ndugu warusha nyundo ndiyo iliyoninyanyasa kuliko zote. Nilijifunza kupita chini yao wanaporuka badala ya kusubiri watulie, maana hawatulii. Ndani ya 8-4, ukiingia bomba lisilo lake unarudishwa nyuma, basi andika pembeni yale uliyokwisha kujaribu. Bowser mwenyewe, adui mkuu wa mwisho, alikuwa mwepesi baada ya hayo yote: nilimpita kwa chini aliporuka, nikagusa shoka, daraja likakatika.

Na hapo pia usizime. Ukishamwokoa binti mfalme, gemu inakuruhusu kuchagua kwa kitufe B dunia ya kuanzia, kwenye mzunguko wa pili ulio mgumu zaidi. Mimi nimeanzia ya 5.